Mvua Ndiyo Kalenda ya Panya wa Ikweta

Panya jike wa porini anayenyonyesha huhitaji chakula kingi kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo uzazi hupangwa uangukie msimu wa neema. Dalili inayoutangaza msimu huo hutofautiana kulingana na latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta.

Mbali na ikweta, dalili kuu ni mwanga. Jijini London mchana wa Juni hupita saa 16, ilhali wa Desemba haufiki saa 8. Usiku unaporefuka, tezi ya pineali iliyo ndani ya ubongo hutoa homoni ya melatonini kwa muda mrefu zaidi. Katika spishi nyingi za huko, ishara hiyo husinyaza korodani za dume na kusimamisha mzunguko wa uzazi wa jike. Hamsta wa Siria huacha kuzaa mchana ukipungua chini ya saa 12 na nusu. 

Karibu na ikweta hali ni tofauti. Moding, kwa mfano, katika Kaunti ya Busia, Kenya, iko chini ya digrii moja tu kaskazini mwa ikweta. Huko tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka ni dakika chache tu. Kinachobadilika ni mvua: za masika, Machi hadi Mei, kisha za pili, Agosti hadi Novemba. Mvua huchipuza nyasi, nyasi huleta mbegu na wadudu, na jike aliyeshiba hushika mimba.

Mfano bora ni panya shamba, *Mastomys natalensis*. Mimba yake huchukua takribani siku 23, na mara nyingi huzaa watoto 10 au zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, umeonyesha kwamba huanza kuzaa masika yakishakolea. Watoto wa msimu huo kwa kawaida husubiri mvua za mwaka unaofuata ndipo wazae. Lakini vuli, yaani mvua za pili, ikinyesha sana hupevuka mapema, kikaongezeka kizazi kizima, na mlipuko wa panya ukafuata.

Kwa mkulima wa mahindi au mtama, mitego na ufyekaji wa vichaka hufaa zaidi kiangazi, kabla mvua hazijaanzisha uzazi. Majirani wakifanya hivyo pamoja, panya hawapati shamba la jirani la kukimbilia.