Je, Shule Zifunguliwe Wakati wa Likizo? Mafunzo ya Kalenda ya Korona

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, swali moja hurudi katika mikutano ya wazazi: watoto wakae nyumbani likizo nzima, au shule ziwarudishe wamalizie masomo yaliyobaki? Mwaka 2024 swali hilo lilikuja na uzito zaidi. Mafuriko yalisababisha muhula wa pili, uliokuwa uanze mwishoni mwa Aprili, kufunguliwa Mei 13. Majuma mawili yalikuwa yamepita, na mzazi alikuwa na haki ya kuuliza yatafidiwa vipi.

Jibu halihitaji kubahatishwa. Kati ya mwaka 2021 na 2022, Kenya nzima ilifanya jaribio hilo kwa mamilioni ya watoto: likizo zilikatwa ili kufidia muda uliopotea wakati wa Korona. Makala haya yanaeleza jinsi jaribio hilo lilivyofanyika, lilimfaa nani, lilimgharimu nani, na sheria inasema nini leo.

Miezi tisa bila kengele

Kisa cha kwanza cha Korona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule zote. Shule za kutwa zilifungwa keshoye, na za bweni zikapewa hadi Jumatano ya juma hilo kuwarudisha wanafunzi nyumbani. Muhula wa kwanza ulikuwa haujakwisha.

Mwezi Julai, Waziri wa Elimu wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 utahesabiwa kuwa umepotea. Mitihani ya KCPE na KCSE isingefanyika mwaka huo, na wanafunzi wangerudia madarasa yao Januari 2021.

Uamuzi huo ulibadilika. Oktoba 12, 2020, wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi shuleni. Wengine wote walirudi Januari 4, 2021, na badala ya kuanza mwaka upya waliendelea na muhula wa pili wa mwaka 2020. Mtoto aliyekuwa Gredi ya 2 au Kidato cha 2 alikuwa amekaa nje ya darasa kwa zaidi ya miezi tisa.

Hivyo Serikali ilikuwa imechagua kuuokoa mwaka badala ya kuufuta. Lakini mwaka uliookolewa ulihitaji nafasi kwenye kalenda, na nafasi hiyo ilibidi itoke mahali.

Muda ulitoka wapi?

Kwa kawaida mwaka wa shule una mihula mitatu, na likizo ndefu huwa Aprili, Agosti, na kuanzia Novemba hadi Januari. Kuanzia Januari 2021 hadi Desemba 2022, shule zilipitia mihula minane ndani ya miezi 24, badala ya sita: miwili iliyobaki ya mwaka 2020, mitatu ya 2021 na mitatu ya 2022. Kalenda ilirudi katika hali yake ya kawaida Januari 2023.

Ili mihula minane ienee, likizo zilibanwa. Muhula wa kwanza wa mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai 26 na kumalizika Oktoba 1. Siku kumi baadaye, Oktoba 11, watoto walikuwa wamesharudi kwa muhula wa pili. Huo ulimalizika Desemba 23, na wa tatu ukaanza Januari 3, 2022. Likizo ya Agosti mwaka huo haikuwepo kabisa, na ile ya Krismasi ilikuwa ya siku zinazohesabika kwa vidole.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Si likizo pekee zilizokatwa. Hata mihula yenyewe ilifupishwa. Mihula mitatu ya mwaka wa masomo wa 2021 ilichukua majuma 30 kwa jumla. Mwaka 2023, kalenda iliporudi kawaida, mihula mitatu ilichukua majuma 37. Kwa maneno mengine, mtoto alipoteza sehemu kubwa ya mapumziko yake na bado akapata majuma saba pungufu ya masomo katika mwaka huo. Kalenda ilirudi mahali pake mapema kuliko masomo yenyewe.

Aliyefaidika

Faida ilikuwepo, na ilikuwa kubwa kwa wanafunzi wa madarasa ya mitihani. Watahiniwa wa mwaka 2020 walifanya KCPE na KCSE kuanzia Machi 2021, miezi michache tu baada ya wakati wa kawaida. Mwanafunzi aliyeingia Kidato cha 1 Januari 2020 alifanya KCSE mwishoni mwa 2023, mwaka uleule ambao angeifanya hata kama Korona isingekuja.

Jambo hilo si dogo. Mwaka mmoja zaidi shuleni ni mwaka mmoja zaidi wa karo. Kwa msichana wa umri wa miaka 17, au kijana aliyekwisha kuonja pesa za bodaboda au za kuvunja mawe, mwaka mmoja zaidi unaweza kuwa tofauti kati ya kumaliza na kuacha shule. Kadiri mtoto anavyokaa mbali na darasa, ndivyo anavyozidi kuwa vigumu kurudi. Kwa familia nyingi, kuokoa mwaka kulimaanisha kuokoa elimu ya mtoto.

Aliyelipa

Wa kwanza kulipa alikuwa mzazi. Wizara ilitambua kwamba muda wa shule ulikuwa umepungua, na ikashusha karo katika shule za bweni za umma za kiwango cha kitaifa kwa Sh8,500, kutoka Sh53,554 hadi Sh45,054 kwa mwaka. Hata hivyo, karo ilidaiwa mara nane katika muda ambao kwa kawaida ingedaiwa mara sita. Mahindi hayakuharakisha kukomaa kwa sababu muhula umeharakishwa, na bonasi ya majani chai haikuja mara mbili. Mzazi anayetegemea mavuno alijikuta akilipia muhula mpya kabla hajamaliza deni la ule uliopita.

Wa pili alikuwa mwanafunzi mwenyewe, pamoja na mwalimu wake. Mwishoni mwa mwaka 2021, visa vya kuchomwa kwa mabweni viliongezeka katika shule za sekondari. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini uchovu wa kalenda iliyobanwa ulitajwa tena na tena katika mjadala wa wakati huo. Novemba mwaka huo, Wizara iliwapa wanafunzi wa sekondari mapumziko mafupi ya katikati ya muhula.

Wa tatu ndiye asiyetajwa sana: mtoto mdogo. Mtoto aliyekuwa Gredi ya 1 Machi 2020 alikuwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Aliporudi Januari 2021, wengi wa umri wake walikuwa wamesahau hata herufi walizozijua. Mtoto huyo hakuhitaji kukimbizwa. Alihitaji mwalimu wa kurudi naye nyuma, ampime amefika wapi, kisha aanze hapo. Kalenda iliyobanwa ilimpa kinyume chake: mihula mifupi na mada zilezile za kumalizwa. Mtoto wa Darasa la 8 aliweza kufidia kwa kusoma usiku. Mtoto wa miaka saba asiyejua kusoma hawezi kujifidia mwenyewe.

Wengine walifanya nini?

Uganda ilifunga shule Machi 2020 na, ukiacha vipindi ambapo baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi, haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Kwa muda mrefu kiasi hicho, hapakuwa na likizo ya kutosha kukatwa. Wanafunzi walipandishwa madarasa, na walimu wakapewa mtaala uliofupishwa unaobeba mambo ya msingi. Mtoto hakupoteza miaka kwenye hesabu, lakini kazi ya kuziba mapengo iliachiwa darasa jipya.

England ilichukua njia nyingine. Mwaka 2021, Serikali ya Uingereza ilitenga hadi pauni milioni 200 ili shule za sekondari huko zifungue madarasa katika likizo ya kiangazi. Likizo ilibaki likizo kwa walio wengi. Madarasa yalikuwa ya hiari na yalilenga zaidi wanafunzi waliokuwa wanaingia sekondari, na gharama ilibebwa na serikali. Udhaifu wa njia ya hiari ni kwamba mwenye uhitaji zaidi anaweza kuwa ndiye asiyefika.

Nchi tatu, njia tatu: kuibana kalenda kwa wote, kuupunguza mtaala, au kuwafungulia wachache wakati wa likizo. Hakuna iliyorudisha kila kilichopotea.

Nani huamua, na sheria inasemaje?

Wakazi wengi huuliza kwa nini kaunti haiamui kufungua au kufunga shule. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imegawa majukumu. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea, yaani PP1 na PP2, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya malezi ya watoto. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kalenda ya mihula hutolewa na Wizara ya Elimu, na walimu huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Hata Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, licha ya jina la cheo chake, ni afisa wa Wizara na si wa ofisi ya Gavana.

Kuhusu masomo ya likizo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kufanyiwa tuisheni wakati wa likizo. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili.

Kalenda ya Korona haikuvunja sheria hiyo, kwa kuwa Wizara yenyewe ilibadilisha tarehe za mihula kwa nchi nzima. Siku zile hazikuwa likizo tena. Zilikuwa siku za shule. Hali ni tofauti pale shule moja inapoamua kivyake kuwarudisha watoto Agosti na kuwatoza wazazi. Mzazi akiletewa barua ya kudai pesa za masomo ya likizo, hatua ya kwanza ni kuuliza bodi ya usimamizi ya shule agizo limetoka wapi. Asiporidhika, apeleke malalamiko katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, akiwa na nakala ya barua hiyo.

Maswali ya kujiuliza siku nyingine

Janga au mafuriko yakifunga shule tena, swali la likizo litarudi. Yaliyotokea kuanzia 2021 yanatoa maswali manne ambayo mzazi na kiongozi wanaweza kuyauliza kabla ya kusema ndiyo au la.

Kwanza, muda uliopotea ni kiasi gani? Majuma mawili yanaweza kufidiwa ndani ya muhula kwa mpango mzuri wa mwalimu. Miezi tisa haiwezi.

Pili, ni nani aliyebaki nyuma? Kuwarudisha watoto wote kwa sababu baadhi wamekwama kunawachosha wasiohitaji, na hakuwapi waliokwama muda wa mwalimu wanaouhitaji.

Tatu, nani atalipa? Masomo ya fidia yakigeuka kuwa ada mpya, mtoto wa maskini ndiye atakayeyakosa, na pengo lililokusudiwa kuzibwa litapanuka.

Nne, yataisha lini? Kalenda ya Korona ilivumilika kwa sababu ilikuwa na mwisho uliojulikana, Januari 2023. Dharura isiyo na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa desturi.

Kwa wazazi wa watoto wa PP1, PP2 na gredi za chini, kuna jambo lisilongoja agizo la Wizara. Mtoto anaporudi baada ya kukaa nyumbani muda mrefu, nenda ukaonane na mwalimu wake katika juma la kwanza. Uliza anasoma nini sasa, kisha ulinganishe na alichokuwa anasoma kabla shule hazijafungwa. Likizo ikifika, dakika ishirini za kusoma kwa sauti jioni, kwa lugha yoyote anayoielewa, si tuisheni na hazina ada. Muda unaobaki ni wake: wa kucheza, wa kwenda madrasa au kanisani, wa kumtembelea nyanya yake na kujifunza kukama ng'ombe. Hayo pia yalikatwa wakati wa Korona, na hakuna muhula uliokuja kuyafidia.