Kitenge cha Kisangani kinashindwa mbele ya kufika mu soko

Kila mara tunasikia: "Wachina njo waliua viwanda vyetu." Ni kweli, lakini ni nusu tu. Mimi nachukua mfano wa kitenge, juu kila mtu anakijua.

Kinshasa ilikuwa na Utexafrica, Kalemie ikawa na Filtisaf. Zote mbili zilinyamaza. Kisangani nayo iko na Sotexki, yenye imefanya kazi chini sana ya uwezo wake. Mu soko, kitenge cha China kinauzwa bei ya chini, na ua lenye watu wanapenda linaigwa upesi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kiwanda kinalipa dola 100,000 kila mwezi kwa mishahara, ulinzi na matengenezo, hata masini zikilala. Kikitoa metre 200,000, kila metre inabeba senti 50. Wanunuzi wakikimbilia cha nje, kikatoa metre 50,000 tu, kila metre inabeba dola 2. Bei inapanda, na wanunuzi wengine wanaondoka. Kila anayeondoka anawaachia wenye kubaki mzigo wake. Njo vile kiwanda kinakufa, polepole, bila mtu kukifunga.

Na bado hatujagusa mambo ya kwetu. Masini za bwawa la Tshopo zikiharibika, umeme unakatika, na mafuta ya jenereta ni ghali. Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa, fasi wanunuzi wako wengi, ni kilometa karibu 1,700 za mto. Kisha kuna pamba: kiwanda kikilala, mkulima anakosa mnunuzi, anapanda muhogo. Siku masini zinaamka, uzi unaagizwa nje. Kwangu, hapo njo panaumiza kupita hata kazi za kiwandani, juu shamba likiachwa halirudi kwa mwaka moja.

Wenzetu wengi wanataka ushuru upandishwe tu. Siamini sana: mizigo mingi inapita mipaka yetu bila kulipa kitu, na mama mwenye makuta kidogo hana kosa akichagua cha bei ndogo. Ningeanza na umeme.

Kule Kinshasa, uwanja wa Utexafrica leo uko na nyumba na maofisi ya kupangisha. Kodi inaingia vizuri. Kijana anayetaka kujifunza kufuma nguo, yeye hapati masini hata moja pale.