Sura ya Sita: Swali la Mwalimu wa Kijijini

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba watoto wote wa Tanzania waliofikia umri wa kwenda shule waandikishwe ifikapo 1977, wasisubiri hadi 1989 kama ilivyokuwa imepangwa mwanzo. Madarasa wanavijiji wangeweza kuyajenga kwa nguvu zao. Walimu je? Vyuo vilivyokuwapo havikutosha hata kidogo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka vijijini kufundisha, na huko huko wakajifunza ualimu: kwa masomo yaliyochapwa, kwa vipindi vya redio, na kwa kukutana na wakufunzi katika vituo vya karibu. Mpango huo ulipofika mwisho katikati ya miaka ya 1980, takriban walimu 38,000 walikuwa wamefuzu kwa njia hiyo.

Baadaye jina "mwalimu wa UPE", kifupi cha Kiingereza cha "elimu ya msingi kwa wote", likawa la kubeza. Ni kweli kwamba wengi wao waliingia darasani wangali vijana wadogo, elimu yao ni ya msingi tu, na watoto waliowafundisha waliumia kwa hilo. Lakini kuna jambo moja katika mpango ule ambalo sikubali lidharauliwe. Alichosoma kijana yule jioni alikijaribu kesho yake asubuhi mbele ya watoto, na kisipofaa alikiona kinakwama papo hapo. Chuo chake kilikuwa ndani ya kazi yake. Mipango mingi iliyofuata, yenye fedha zaidi na vitabu vizuri zaidi, ilimtoa mwalimu darasani ili kumfundisha kufundisha.

Mtindo uliozoeleka tunaujua sote. Wizara inaandaa mafunzo. Wawezeshaji wa kitaifa wanawafundisha wa mikoa, wa mikoa wanawafundisha wa wilaya, na hatimaye mwalimu mmoja au wawili kutoka kila shule wanaitwa mjini. Elimu inayosafiri hivyo ni kama maji katika mfereji unaovuja: shamba la mwisho linapata unyevu tu. Mafunzo ya siku kumi ngazi ya taifa yanakuwa ya siku tatu wilayani, na aliyehudhuria akirudi shuleni anapewa nusu saa katika kikao cha walimu, baada ya ajenda ya chakula cha wanafunzi na kabla ya mengineyo. Kwa shule ya kijijini hasara inazidi. Penye walimu wanne kwa madarasa saba, akiondoka mmoja kwenda semina, mamia ya watoto wanapoteza siku kadhaa za masomo. Nauli na posho zinampa mwalimu sababu ya kwenda, na simlaumu, maana mshahara wake ni mdogo na barabara ni mbaya. Ila swali alilokuwa nalo darasani kwake halikuwa kwenye ratiba ya semina.

Ndiyo maana mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, unastahili kuangaliwa kwa makini. Wazo lake ni kwamba mafunzo yafanyike shuleni, walimu wakikutana katika jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule yao na pamoja na shule jirani za kata, wakiongozwa na wenzao waliopewa maandalizi. Moduli zinapatikana kwa chapa na kwa mtandao. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, hivyo wako walimu wa vijijini ambao kwa mara ya kwanza wana maktaba mkononi. Palipo na umeme na mtandao, hilo ni badiliko kubwa. Pasipo na hivyo, mwalimu hulazimika kukichaji kishikwambi kwenye duka lenye sola na kupakua moduli siku anayokwenda mjini kufuata mshahara, ndipo awasomee wenzake.

Kifaa hakitoshi, wala kikao peke yake hakitoshi. Mwalimu anahitaji mtu anayejua kazi aje akae nyuma ya darasa lake, amtazame akifundisha, kisha wazungumze. Kenya ilifanya hivyo kwa upana usio wa kawaida. Mpango wa kusoma wa Tusome, ulioanza nchi nzima mwaka 2015 katika shule za msingi za umma zaidi ya 23,000, uliwategemea maofisa wa kusaidia mtaala, wale walioitwa zamani wakufunzi wa vituo vya walimu. Kila mmoja alipewa kishikwambi cha kurekodi alichokiona darasani na kuwasikiliza watoto kadhaa wakisoma, na nauli yake ililipwa kulingana na shule alizozifikia kweli. Hilo la nauli linaonekana dogo, lakini kwa maoni yangu ndilo lililobeba mengine. Afisa asiye na mafuta ya pikipiki hubaki ofisini akisaini barua, hata awe na moyo gani wa kazi.

Kenya hiyo hiyo ilitupatia pia mfano wa kinyume. Mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu ilipoanzisha moduli za lazima za kujiendeleza, mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake, na vyama vya walimu vikapinga. Mimi nasimama na vyama. Mwajiri anayetaka mtumishi wake ajifunze agharimie mafunzo hayo.

Hadi hapa nimemzungumzia mwalimu kama mtu wa kupewa. Ninachotaka hasa kukieleza katika sura hii ni kwamba mwalimu wa kijijini ana jambo la kutoa, na analitoa kupitia utafiti.

Mfano mkubwa ninaoujua uko milimani Colombia. Katika miaka ya 1960 na 1970, shule nyingi za mashambani huko zilikuwa na mwalimu mmoja mwenye madarasa yote katika chumba kimoja. Mwalimu mmoja wa mashambani, Oscar Mogollón, alianza kujaribu katika mkoa wa Norte de Santander namna ya kuwafanya watoto wasome kwa vikundi, kila mmoja kwa mwendo wake, kwa kutumia miongozo ambayo mtoto anaweza kuifuata bila mwalimu kumsimamia kila dakika. Alikutana na Vicky Colbert, msomi wa elimu aliyekuwa tayari kuyaamini majaribio ya mwalimu wa shambani, na kutoka humo ikazaliwa Escuela Nueva. Kilichoitunza ni mikutano ya walimu wa shule jirani, iliyoitwa vituo vidogo, ambako kila mmoja alileta alichojaribu na kilichomshinda. Katikati ya miaka ya 1980 serikali iliufanya mtindo huo kuwa sera ya elimu ya vijijini, na ukasambaa katika maelfu ya shule. Wizara ilimfuata mwalimu.

Wataalamu huita njia hii utafiti tendaji. Mwingereza Lawrence Stenhouse aliitetea mwaka 1975 alipoandika kwamba mtaala haujakamilika hadi mwalimu aujaribu na kuuchunguza darasani mwake. Walimu wengi wakisikia neno utafiti wanafikiria tasnifu, takwimu za kompyuta na kibali cha chuo kikuu. Utafiti wa darasani unahitaji daftari, kalamu, swali dogo, na uaminifu wa kuandika kilichotokea hata kama hakipendezi.

Ugumu wa kwanza ni swali lenyewe. "Kwa nini watoto wangu hawajui kusoma?" ni swali la machozi, halifanyiki. Tuseme wewe ni mwalimu wa darasa la pili lenye watoto 84. Uliza hivi: ni wangapi wanaoweza kusoma sentensi hii moja, na waliobaki wanakwama kwenye silabi gani? Huwezi kuwasikiliza 84 kwa siku moja, basi andika majina yote kwenye vikaratasi, vitie kwenye boksi, uvute 12. Usichague wanaonyoosha mikono, maana hao unawajua tayari. Msikilize kila mmoja pembeni, chini ya mti ikiwezekana, ili wenzake wasimwambie jibu. Andika alichosema kama alivyokisema, bila kukisahihisha. Pengine utagundua kwamba tisa kati yao wanasoma vizuri silabi za konsonanti moja na kusimama ghafla wakifika kwenye "mbwa" au "ng'ombe". Sasa una tatizo lenye jina, nalo unaweza kulishughulikia kwa wiki tatu kisha ukawasikiliza watoto wale wale tena kwa sentensi nyingine ya ugumu ule ule.

Au chukua utoro. Kila mwalimu aliye karibu na mnada anajua kwamba siku ya mnada darasa hupungua. Anajua, lakini hajahesabu. Ahesabu kwa muhula mmoja, akiandika mbele ya kila jina sababu iliyotajwa na mtoto mwenyewe aliporudi, si ile iliyosemwa na wenzake. Inawezekana akakuta kwamba wavulana wanakosekana siku ya mnada kwa sababu ya kuswaga mifugo, ilhali wasichana wanakosekana siku inayofuata, mama anapobaki na mzigo uliorudi. Hayo ni matatizo mawili yenye tiba mbili. Mwalimu mkuu akiyapeleka kwenye mkutano wa kijiji yakiwa na hesabu, wazazi watayajadili tofauti na wanavyopokea lawama ya jumla kwamba hawajali elimu.

Utafiti wa namna hii unanoga ukifanywa na watu zaidi ya mmoja. Wajapani wana desturi ya muda mrefu ambamo walimu wachache huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao akalifundisha, na wengine wakakaa darasani kuwatazama watoto: nani alielewa dakika ya ngapi, nani aliandika bila kuelewa. Baadaye somo hurekebishwa. Kwa Afrika Mashariki desturi hii ilipata njia kupitia ushirikiano wa Japani na Kenya katika hisabati na sayansi, ulioanza 1998. Inafaa mno kwa shule ya kijijini kwa sababu haihitaji mgeni wala fedha. Inahitaji wenzako watazame watoto wanavyojifunza na waache kukutolea alama wewe.

Hapo ndipo penye kikwazo kikubwa kuliko umeme, mtandao na nauli. Mwalimu akiandika kwa ukweli kwamba kati ya watoto 12 aliowasikiliza tisa hawawezi kusoma neno kama "mbwa", karatasi hiyo itakwenda wapi? Ikimfikia afisa elimu ikawa ushahidi wa uzembe wake, mwaka ujao ataandika kwamba wote wanasoma. Tumeshaliona jambo la aina hii kwa kiwango cha taifa. Chini ya mpango wa Tanzania wa Matokeo Makubwa Sasa, kuanzia 2013, shule za msingi zilipangwa hadharani kwa nafasi kulingana na mtihani wa darasa la saba. Watafiti waliochambua matokeo yake, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, na pia zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani. Kwa maneno mengine, sehemu ya maendeleo yale ililipiwa na watoto dhaifu walioachwa nje ya chumba cha mtihani.

Kwa hiyo daftari la utafiti la mwalimu lilindwe. Mwalimu mkuu, afisa elimu kata na mthibiti ubora waruhusiwe kulisoma ili kusaidia, na wakatazwe kulitumia kumpa mtu onyo. Majina ya watoto yabaki shuleni. Kinachotoka nje kiwe idadi na mafunzo yaliyopatikana. Bila ulinzi huo jumuiya za ujifunzaji zitajaza fomu tu.

Mwalimu anayetaka kufika mbali zaidi ana milango. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani na hakimlazimu mtu kuacha kazi. Taasisi ya elimu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, iliyoko Dar es Salaam tangu 2006, imelipatia suala la mwalimu kuchunguza kazi yake nafasi ya pekee. Mwalimu wa Kiswahili mwenye data nzuri kuhusu lugha za watoto wake anaweza kuandika kwa Kiswahili na kupeleka makala kwa jarida la Mulika la TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu wa sayansi wa sekondari anaweza kuongoza wanafunzi wake katika mashindano ya Young Scientists Tanzania, yanayofanyika tangu 2012. Asidhani kwamba mashindano ya namna hii ni ya shule za mjini. Peter Tabichi, aliyepata Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019, alikuwa akifundisha Keriko, sekondari ya kutwa ya kijijini kaunti ya Nakuru yenye kompyuta moja, na miradi ya sayansi ya wanafunzi wake ilifika mashindano ya kimataifa Marekani.

Nina wasiwasi mmoja kuhusu milango hiyo. Shahada humpandisha mwalimu cheo, na mara nyingi humwondoa kijijini, hivyo shule iliyompa maswali yake haipati majibu. Halmashauri zingeweza kurekebisha hili kwa kumtaka mwalimu anayesoma achague mada ya utafiti kutoka shule yake, na kumpa muda na nauli ya kurudi kueleza alichokipata.

Mwalimu unayesoma sura hii, anza muhula ujao. Chagua swali moja unaloweza kulihesabu, tafuta mwenzako mmoja wa kuliangalia naye, na mwombe mwalimu mkuu saa moja kila baada ya wiki mbili ya kukaa na daftari lenu. Mwalimu mkuu, wape saa hiyo ndani ya ratiba ya kazi, si baada ya saa kumi jioni wakati kila mtu anawaza shamba na jiko lake.