Sufuria za chuma chakavu: Zinang'aa, lakini zina nini ndani?

Minada ya korosho ikianza, fedha huingia mifukoni na vyombo vipya huingia jikoni. Katika masoko ya Masasi na Newala, sufuria za alumini ni miongoni mwa bidhaa zinazonunuliwa haraka: ni nyepesi, zinapata moto upesi na bei yake inahimilika. Lakini sufuria zote si sawa. Zipo za kiwandani, na zipo nzito kidogo zilizosubiwa na mafundi kwa chuma chakavu. Hizi za pili ndizo zinazohitaji tahadhari.

Mwaka 2017, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, zikiwamo Tanzania na Kenya. Walivichemshia maji yaliyotiwa asidi ya siki, kuiga upishi wa kawaida. Zaidi ya theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa madini ya risasi kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Risasi inaingiaje?

Fundi hukusanya vipande vya injini, rejeta, makopo na vyombo vilivyotoboka, akaviyeyusha pamoja na kuvimimina kwenye kalibu ya mchanga. Rejeta za zamani zina lehemu yenye risasi kwenye maungio. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, risasi kwenye 327 tu. Hivyo risasi iliyomo huyeyuka mapema na kubaki humo humo. Moto hauisafishi, na kwa macho huwezi kuitambua.

Tatizo jingine ni vitundu. Alumini ya moto ikikutana na unyevu hunyonya gesi, na ikipoa gesi hiyo huacha mapovu. Viwandani, wapo wanaopuliza gesi makusudi ili kupata alumini nyepesi kama sponji kwa ajili ya vipuri vya magari na majengo. Kwenye sufuria, vitundu hivyo ni kasoro: hudhoofisha chombo na kuhifadhi mabaki ya chakula.

Kuziba tundu nako kuna hatari yake. Alumini ina utando mgumu juu yake, hivyo haiungiki kirahisi. Baadhi ya mafundi huziba kwa lehemu au gundi ya chuma. Lehemu ya kawaida inaweza kuwa na risasi, na gundi hizo nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya chakula.

Uchachu huitoa

Vitu vichachu humega chuma: mchuzi wa ukwaju, ndimu, nyanya, maembe mabichi. Juisi ya mabibo na uraka navyo ni vichachu. Kadiri chakula kinavyokaa ndani ya sufuria, ndivyo madini yanavyozidi kuingia. Kiporo cha mchuzi kilicholala humo ni hatari kuliko ming'oko iliyochemshwa kwa maji matupu na kuepuliwa.

Anayeumia zaidi ni mtoto

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Huathiri ubongo, uwezo wa kujifunza na tabia, na huchangia upungufu wa damu. Kwa watu wazima huongeza hatari ya shinikizo la damu na magonjwa ya figo. Risasi hujificha kwenye mifupa, na mama akipata mimba hutoka na kumfikia mtoto tumboni.

Mwaka 2020, UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana risasi nyingi kupita kiasi mwilini. Wengi hawaonyeshi dalili. Kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha.

Ufanye nini?

• Usiache kutumia alumini yote kwa hofu. Epuka hasa sufuria za kusubu usizojua zimetokana na nini.

• Pika na uhifadhi vyakula vichachu kwenye stenlesi au chungu cha udongo kisichopakwa rangi.

• Chakula kikiiva, kihamishe. Usikilaze ndani ya sufuria.

• Usisugue sufuria kwa waya hadi ing'ae kama kioo. Utando ule wa kijivu huikinga.

• Iliyotoboka isizibwe kwa lehemu; ifanye ya kutekea mchanga.

• Mpe mtoto dagaa, kunde na mboga za majani. Mwenye upungufu wa madini ya chuma na chokaa hufyonza risasi zaidi.

Kwa mafundi: tengeni rejeta na betri, msiziingize kwenye tanuri la sufuria. Yeyusheni mbali na watoto, na badilisheni nguo kabla ya kurudi nyumbani, kwani vumbi la kazini hufuata familia hadi kitandani.

Ukiwa na wasiwasi kuhusu mtoto, hasa aliyechelewa kuongea au mwenye upungufu wa damu usioisha, mweleze mganga pia kuhusu vyombo unavyopikia.