Kidole Chenye Wanja

Mtoto wa kwenye filamu hakupiga kelele hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha shangazi. Ilikuwa Jumamosi usiku, ukumbini kwake Magogoni, Kisauni, watu saba tumebanana baina ya mkeka na kochi moja, flashi imechomekwa kwenye televisheni. Nje, tuktuk za mwisho zilikuwa zikirudi kutoka barabarani. Katika chumba cha ndani binamu yangu alikuwa ndani ya arobaini yake, siku ya kumi na nane tangu ajifungue mtoto wa kike, na harufu ya ubani ilikuwa ikitujia chini ya pazia. Mwanawe wa kwanza, wa miaka sita, alikuwa amelala mkekani kichwa juu ya paja langu. Au alijifanya amelala.

Filamu yenyewe inaitwa Joshua, ya mwaka 2007, iliyoongozwa na George Ratliff. Ni ya familia moja ya Manhattan yenye kila kitu: nyumba ya kifahari, baba mwenye kazi ya fedha, piano sebuleni. Kijana wao ana miaka tisa, nywele zimechanwa, tai shingoni, anapiga piano kama mtu mzima. Kisha analetwa nyumbani dada mchanga, Lily. Kuanzia hapo nyumba inaoza polepole. Mtoto mchanga analia usiku kucha, mama anapoteza usingizi kisha akili, mbwa anakufa, nyanya anaporomoka kwenye ngazi za jumba la makumbusho. Joshua yuko karibu kila mara, mikono pembeni, anatazama. Hakuna damu ya kutisha wala jini. Baba ndiye anayegundua kwamba mwanawe amekuwa akiingia usiku chumbani kwa mtoto na kamera.

"Huyo ni kigego," shangazi akasema.

Sikuwa nimelisikia neno hilo kwa miaka mingi. Wazee wa pwani wanalijua. Kigego ni mtoto anayeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, au aliyezaliwa na kasoro fulani ya namna hiyo, na zamani aliaminiwa kuwa nuksi: akikua, mtu nyumbani atakufa. Richard Burton, aliyepita bara la Tanganyika na kuandika kitabu chake mwaka 1860, alieleza kwamba Wazaramo walimuua mtoto wa namna hiyo, au wakampa mtu mwingine, au wakamuuza kwa wafanyabiashara ya watumwa, kwa kuhofia maradhi na mauti ndani ya nyumba. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 nayo inalo neno hilo na maana yake. Kwa hiyo mtoto wa kuogofya hakuletwa kwetu na Hollywood. Tulikuwa naye zamani, tukampa jina, na jina likawa hukumu, kwa kosa la jino.

Wamarekani walimpata wa kwao mwaka 1954, William March alipochapisha riwaya ya The Bad Seed, mwaka huo huo aliofariki. Rhoda ana miaka minane, ana nywele za kusuka na adabu za kupigiwa mfano, na anaua. Katika kitabu anabaki hai, na mama yake ndiye anayekufa. Filamu ilipotengenezwa mwaka 1956, kanuni za maadili za Hollywood hazikukubali mwovu aachwe bila kuadhibiwa, basi radi ikatumwa kutoka mbinguni kumuua mtoto wa miaka minane. Mwaka 1993 ikaja The Good Son, iliyoandikwa na Ian McEwan, na mwovu wake akawa Macaulay Culkin, yule yule aliyetuchekesha katika Home Alone miaka mitatu kabla. Kijana huyo amemzamisha mdogo wake katika beseni la kuogea, na sasa anamwinda dada yake. Mwisho mama analala ukingoni mwa jabali, mkono mmoja umemshika mwanawe, mkono wa pili umemshika mpwa wa mumewe. Hawezi kuwavuta wote wawili. Anamwachia mwanawe.

Nilikuwa kijana nilipoiona filamu hiyo katika kibanda cha video, benchi za mbao, shilingi chache mlangoni. Mkono ulipoachia, kibanda kizima kilishangilia. Na mimi nilishangilia. Nikirudi nyumbani gizani, koo lilikuwa chungu, maana nilikuwa najua jambo ambalo wenzangu wa benchi moja hawakulijua.

Nilipokuwa na miaka mitano mamangu alijifungua ndugu yangu. Mpaka siku ile nilikuwa nikilala ubavuni mwake. Usiku mmoja nikahamishiwa ukumbini kwenye mkeka, na mlangoni pa chumba pakatundikwa pazia nililoambiwa nisilifungue ovyo. Nyanya alikuja na mafuta yake ya nazi na kapu la dawa, akawa anamkanda mama, anampikia uji wa pilipili manga, anamfukiza mtoto. Wageni walipita juu yangu kwenda kumwona mwenye bahati. Mmoja alinipapasa kichwa akaniambia, kwa wema kabisa, kwamba siku zangu zimekwisha.

Siku moja adhuhuri nyanya alikwenda uani na mama alikuwa amesinzia. Niliinua leso. Mtoto alikuwa amepakwa wanja kwenye nyusi na alama kubwa kwenye paji la uso, kinga ya jicho baya. Niliufinya uso ule. Nilifinya kwa nguvu zangu zote, nikafurahi, na alipolia nikatoka mbio nikaketi mkekani kama Joshua, mikono pembeni. Jirani mmoja aliyekuwa dirishani aliniona. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi uani kwamba mtoto huyu ana roho mbaya, mwangalieni sana, atakuja kuwaulia.

Kwa wiki nzima niliamini kwamba jirani ameniona nilivyo ndani. Mtoto wa miaka mitano hana pa kulipeleka neno kama lile. Analivaa tu.

Kuna neno jingine linalofaa kutajwa hapa, na lilitoka mbali. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alipoona watoto waliovimba miguu, ngozi ikibanduka, nywele zikigeuka rangi ya kutu. Aliandika habari zao mwaka 1933, na mwaka 1935 akatumia jina walilolitumia kina mama wa kabila la Ga wenyewe: kwashiorkor. Sisi tunasema kwashakoo, tulifundishwa shuleni pamoja na picha ya mtoto mwenye tumbo. Ambalo hatukufundishwa ni maana yake. Kwa lugha ya Ga ni ugonjwa anaoupata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Mkubwa ameondolewa ziwani, amepewa uji wa mahindi mtupu, na mwili unadai kilichochukuliwa. Miongoni mwa dalili zake, madaktari wanasema, ni kwamba mtoto huwa mkali na mnyonge, hataki kuguswa, hacheki. Yaani anakuwa na uso ule ule unaowatia watu hofu.

Na sisi pwani tulikuwa na maelezo yetu. Mtoto akidhoofika mamake akiwa bado anamnyonyesha, ilisemwa kuwa amebemendwa, kwamba wazazi wamekutana kabla ya wakati. Wamijikenda wana chirwa, na maelezo yake hayako mbali na hayo. Sisemi hivyo kuwadharau wazee. Maelezo hayo angalau yaliwawekea watu wazima lawama, na ndani yake mlikuwa na hekima ya kupishanisha uzazi. Qurani nayo imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza. Mama aliyepaka shubiri kwenye ziwa ili kumwachisha mtoto kabla ya wakati, kwa kuwa mwingine yuko njiani, alikuwa akifanya jambo zito kuliko alivyodhani, na mtoto aliyeonja uchungu ule alikuwa na haki ya kukasirika.

Shangazi hakukubali nilipomweleza haya. Filamu ilikuwa imesimamishwa, chai ya tangawizi inazunguka. Akanikumbusha Sura ya Al-Kahf, ambayo yeye huisoma kila Ijumaa: Khidhri alimuua kijana mbele ya Nabii Musa, na baadaye akaeleza kwamba wazazi wake walikuwa waumini na kulikuwa na hofu kwamba angewatia katika uasi na ukafiri, basi Mola awabadilishie aliye bora. Je, huyo si mtoto mbaya, tena kwa ushahidi wa Kitabu?

Nilijibu kwa heshima, kwa sababu ni mkubwa wangu na kwa sababu swali lake ni la kweli. Musa, naye ni nabii, alilikataa tendo lile palepale alipoliona. Khidhri alikuwa na elimu aliyopewa na Mungu, isiyokuwa kwa Musa. Na katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim, Ibn Abbas aliandikiwa na Najda, kiongozi wa Makhawariji, aliyetaka kujua kuhusu kuua watoto. Ibn Abbas alimjibu asiwaue, isipokuwa kama anajua kuhusu mtoto kile ambacho Khidhri alikijua. Mlango ulifungwa hapo. Shangazi alinyamaza kidogo, akaniambia nibonyeze filamu iendelee.

Siandiki haya kwa ajili ya filamu peke yake. Kisauni tunaishi na hofu ya watoto. Majina ya Wakali Kwanza na Wakali Wao yanajulikana na kila mtu aliyewahi kufunga duka mapema Magogoni au Mtopanga. Ni vijana wenye mapanga, wengine hawajafika miaka 18, wanaotoka vichochoroni kwa kundi, wanakata na kupora. Nimekaa na mama aliyeshonwa mkono kwa sababu ya simu ya shilingi elfu chache. Siwatetei. Lakini barazani nasikia watu wazima wakisema wale wamezaliwa hivyo, ni mbegu mbovu, na wengine wanataja risasi kama vile mwandishi wa filamu ya 1956 alivyotaja radi. Nikisikia hivyo naanza kuhesabu: nani aliyewaambia, wakiwa na miaka mitano, kwamba siku zao zimekwisha?

Sheria yetu yenyewe imebadilika kuhusu jambo hili, na watu wachache wanajua. Kwa muda mrefu Kenya iliweka umri wa kuwajibika kwa jinai kuwa miaka minane. Joshua wa miaka tisa angeweza kufikishwa kortini hapa, iwapo ingethibitishwa kwamba alielewa alichokifanya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri huo hadi miaka 12, na kati ya 12 na 14 mtoto anahesabiwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka ithibitishwe vingine. Naona ni moja ya mambo ya kiungwana kabisa Bunge letu liliyowahi kuyaandika.

Wataalamu nao wamewatazama watoto hawa majumbani. Judy Dunn na Carol Kendrick, huko Cambridge, walifuatilia familia 40 zilizopata mtoto wa pili, wakachapisha kitabu mwaka 1982. Wengi wa wazaliwa wa kwanza walivurugika: kulia, kung'ang'ania, utundu mama anaponyonyesha. Lakini pale ambapo mama alimzungumzia mchanga kwa mkubwa kama mtu, akamuuliza unadhani anataka nini, ana njaa au amechoka, udugu ulikuwa mwema zaidi miezi iliyofuata. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka nyanya yangu, ambaye hakusoma kitabu hata kimoja kisichokuwa Msahafu.

Ndiyo maana Joshua naiweka juu ya zile filamu mbili za kabla yake. Haikumuua mtoto ili tushangilie. Kuna sehemu kijana anatazama kanda za zamani za nyumbani kwao, na aliye kwenye picha ni yeye mwenyewe akiwa mchanga, analia bila kunyamaza, na mamake anavunjika mbele ya kamera kama anavyovunjika sasa. Anajitazama asivyotakiwa. Mama yule hakuwa na mkunga, wala mkandaji, wala mtu wa kumpikia uji. Alikuwa na ghorofa nzuri na mlango uliofungwa. Na Magogoni milango ya namna hiyo inaongezeka. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ua mmoja zinavunjwa, zinajengwa ghorofa za kupangisha, na wazazi wengi vijana wamekuja kutoka mbali, nyanya wa mtoto yuko mwendo wa basi la usiku kucha.

Filamu ilipokwisha shangazi alizima taa ya ukumbini. Yule wa miaka sita hakuwa amelala. Macho yalikuwa wazi kabisa, yananitazama. Nilimbeba hadi mlangoni, nikainua pazia, binamu yangu akasogea kwa shida akampa nafasi upande wa ukutani.

Kuhusu ule mfinyo wangu. Nyanya alirudi kutoka uani siku ile, akamsikia jirani, hakumjibu. Alinishika mkono. Kidole changu cha shahada kilikuwa cheusi kwa wanja. Alikiosha kwa maji ya birika, taratibu, akakikausha kwa pindo la leso yake, kisha akaniwekea kipepeo cha ukili mkononi na kunikalisha karibu na mtoto. Kazi yako hii, alisema, nzi wasimkaribie. Nilipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Usiku ule nilirudishwa kitandani, upande wa pili wa mama, nikaambiwa paa la ukumbini linavuja.

Wiki iliyofuata baada ya filamu nilikwenda kumwona mamangu, nikamweleza habari ya kile kidole, miaka yote hii sikuwahi. Alikuwa akichambua mchele. Akasema alijua siku ile ile, nyanya alimwambia. Na paa, alisema, halikuvuja hata siku moja. Ulikuwa ni mwezi wa Januari.