MTOTO ANAYECHEZA ANAJIFUNZA

Leo tuzungumze kuhusu mtoto unayemwacha kwa mlezi asubuhi, unapokwenda kuuza sokoni Katito au kupalilia shamba.

Jioni unapomchukua, pengine unauliza, "Amekula? Amelala? Amekusumbua?" Ukiambiwa alikaa kimya kutwa, unafurahi. Lakini mama, mtoto mwenye afya hucheza. Ubongo wake hukua kwa kasi sana katika miaka 3 ya kwanza. Kila anaposhika kitu, anapokigonga, anaposemeshwa na kujibiwa, ubongo huo hujengeka. Mtoto anayekalishwa mkekani kutwa bila wa kumsemesha anaweza kuchelewa, hata kama ameshiba.

Je, michezo inahitaji pesa? La. Mtoto wa miezi 6 mpe kijiko cha mti na bakuli la plastiki agonge. Wa mwaka 1, ficha gunzi la mahindi chini ya leso, alitafute. Wa miaka 2 apange vikopo, vikubwa na vidogo. Mwimbie na umsemeshe kwa Dholuo, kama ndiyo lugha ya nyumbani kwenu.

Vitu vidogo kama maharagwe na vifuniko vya soda viwekwe mbali, visije vikamkaba koo. Ndoo na beseni za maji zisiachwe wazi.

Hapa kwetu magharibi mwa Kenya, mradi wa Msingi Bora ulijaribu mafunzo haya katika vijiji 60. Akina mama wenye watoto wa miezi 6 hadi 24 walikutana na wahudumu wa afya ya jamii kila baada ya wiki 2, wakafundishwa kucheza na kuzungumza na watoto wao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba watoto hao waliwapita wenzao katika kufikiri na kuelewa lugha.

Kwa hiyo jioni ya leo, ongeza swali moja kwa mlezi: "Amecheza nini?" Nawe mlezi mwenye watoto wengi, usikate tamaa. Unapowalisha au kuwaosha, mwite kila mmoja kwa jina, zungumza naye, umngoje ajibu, hata kama ni kwa tabasamu tu. Televisheni haiwezi kuifanya kazi hiyo.

Mtoto akifika miezi 9 bila kukaa mwenyewe, au miezi 18 bila kutembea, usingoje wala usimlaumu mtu. Chukua kijitabu chake cha kliniki umpeleke kituo cha afya. Akisaidiwa mapema, hupata nafuu zaidi.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.