Kuhara Damu Kusikokoma: Mazungumzo Juu ya Uvimbe wa Matumbo

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya maradhi ambayo wengi wenu hamjapata kuyasikia jina, na ambayo hata wenye kuyaugua huona haya kuyataja. Tutasema mambo ya choo waziwazi, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuyaeleza. Wazee watuwie radhi.

Huku kwetu mtu akihara damu, kila mmoja adhani anajua sababu. Masika Mkondoa hufurika, maji yakaingia vyooni na visimani, na baada ya siku chache matumbo huanza kuuma. Basi husemwa ni amiba, au vijidudu vingine vya kuhara damu, au kichocho cha matumbo. Dhana hiyo mara nyingi sana ni ya kweli, wala hatusemi iachwe. Lakini kuna kuhara damu kwingine kusikotoka katika maji machafu, na dawa ya amiba haikuponyi hata uimeze mwaka mzima.

Tulipata kuwa na mwanafunzi chuoni, kijana wa miaka 21, mwenyeji wa upande wa Mikumi, hodari wa masomo na wa mpira. Katika mwaka wake wa pili akaanza kukonda. Usiku aliamka mara nne au tano kwenda chooni, na asubuhi alisinzia darasani. Sisi tulidhani ni uvivu, tukamkemea. Kumbe kwa miezi mitatu alikuwa akihara damu na kamasi, naye aliona haya kusema. Alikuwa amekwisha kununua flajili dukani mara tatu kwa fedha yake ya matumizi. Kila mara alidhani amepata nafuu, kisha maradhi yakarudi. Mahali pa kwanza alipokwenda kutibiwa alipewa dawa ileile mara ya nne, pasipo choo chake kupimwa. Tabibu wa pili ndiye aliyetazama choo kwa hadubini, asione amiba wala mayai ya kichocho, akamwandikia barua aende hospitali kubwa Dar es Salaam. Huko walimpitishia mpira mwembamba wenye taa na kamera, wakaona utumbo mpana umejaa vidonda.

Kundi hili la maradhi twaweza kuliita uvimbe wa matumbo wa kudumu, nalo lina maradhi makubwa mawili. Moja ni vidonda vya utumbo mpana, yanayoanzia karibu na mahali pa kutokea choo na kupanda juu, yakichubua utando wa ndani. Jina la maradhi haya lilitumiwa na Samuel Wilks, tabibu wa London, mwaka 1859. La pili ni ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la Burrill Crohn wa New York, ambaye pamoja na wenzake wawili aliueleza mwaka 1932 kwa kuwatazama wagonjwa 14. Huu waweza kushika mahali popote tangu kinywani hata mwisho wa njia ya chakula, hasa pale utumbo mwembamba unapokutana na ule mpana, nao hupenya ukuta wote wa utumbo.

Je, nini kinachoujeruhi utumbo, ikiwa si amiba? Ni kinga ya mwili wenyewe. Ninyi wa Mikumi mwajua jinsi walinzi wa mashamba wanavyokesha kuwafukuza tembo, wakiwasha mioto na kupiga madebe. Sasa fikirini walinzi ambao tembo wamekwisha kuondoka, nao bado wawasha mioto usiku hata usiku, mpaka mihogo yenyewe ikaungua. Ndivyo ilivyo ndani ya utumbo wa mgonjwa huyu. Askari wa mwili wapigana na vijidudu ambavyo kwa watu wengine hukaa kwa amani tumboni, na uwanja wa vita ni utumbo wake. Maradhi hutulia kwa muda, kisha huwaka tena. Huwapata hasa vijana, kati ya miaka 15 na 35, wala hayaambukizi kwa kula pamoja wala kwa kulala chumba kimoja.

Wangapi wanayo? Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, katika kila watu 1000 watatu au zaidi wanayo. Ulimwenguni kote walikadiriwa kuwa milioni 3.7 mwaka 1990. Kufika mwaka 2017 walikadiriwa kuwa milioni 6.8. Afrika Mashariki yalionekana kwa nadra mno. Mwaka 1970 madaktari wawili wa Kampala walipoandika juu ya Waafrika wenye vidonda vya utumbo mpana, walikuwa na wagonjwa wanne tu wa kuwaeleza, na wanne hao walitosha kuwa habari. Sehemu ya uchache huo ni kweli, na sehemu yake, kwa maoni yetu, ni kwamba yasiyotafutwa hayaonekani. Mahali pasipo mpira wenye taa, kila kuhara damu ni amiba.

Hapo zamani wako waliofikiri kwamba Mwafrika na Mhindi wamekingwa na damu yao. Fikra hiyo ilivunjwa na watu waliotoka huku huku kwetu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, na wengi wao walikwenda kukaa Leicester, katika Uingereza, wakaungana na wengine waliotoka Kenya na Tanganyika. Matabibu wa mji ule walihesabu wagonjwa, na katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 walionyesha kwamba vidonda vya utumbo mpana viliwashika Wahindi wale kuliko Waingereza wenyewe. Watu walikuwa ni walewale na damu yao ni ileile. Kilichobadilika ni nchi, na chakula, na namna ya kuishi. Si kwamba urithi hauna kazi, maana maradhi haya hufuatana katika jamaa. Lakini hata kwa mapacha waliofanana kabisa, mmoja akipata ugonjwa wa Crohn, mara nyingi mwenzake hupona nao.

Basi mambo ya nje yanayotajwa ni yapi? Tumbaku kwanza. Mvuta sigara ana hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa Crohn, na akiwa nao humzidia. Ajabu ni kwamba vidonda vya utumbo mpana huonekana zaidi kwa wasiovuta na kwa walioacha. Mtu asichukue neno hilo kuwa udhuru wa sigara yake, kwani mapafu nayo yana hesabu yao. Pili ni dawa za kuua vijidudu, hasa zikimezwa mara nyingi utotoni. Dawa hizi haziui adui peke yake, bali huangamiza na wenyeji wema wa tumbo. Sisi tunaonunua vidonge dukani bila karatasi ya tabibu, kwa kila kikohozi na kila tumbo, tuna la kufikiri hapo. Dawa za maumivu kama diklofenaki nazo zaweza kuyaamsha maradhi yaliyolala. Watoto walionyonya maziwa ya mama wameonekana kupata maradhi haya kwa uchache zaidi.

Tatu ni chakula, na hapa twataka kukaa kidogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliowafuata watu zaidi ya 116,000 katika nchi 21, uliona kwamba waliokula zaidi vyakula vya viwandani, kama soda, soseji na vitu vya pakiti vyenye chumvi, walipata uvimbe wa matumbo kuliko wengine. Na karibu na kwetu, mjini Moshi na vijijini Kilimanjaro, wataalamu walifanya jaribio lililotangazwa mwaka 2025, nao wanaume 77 wenye afya walishiriki. Wa shamba walilishwa kwa majuma mawili chakula cha kizungu cha siku hizi, kama soseji, mkate mweupe na chipsi. Wa mjini walirudishiwa chakula cha wazee, mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa. Na wengine walikunywa mbege kwa juma moja. Damu ya wale wa kwanza ilionyesha dalili za uvimbe kuzidi. Ya hao wengine ilionyesha kupungua. Hakuna aliyeugua matumbo katika jaribio hilo, wala halikuwa juu ya Crohn. Lakini majuma mawili ni muda mfupi sana kwa damu ya mtu kugeuka hivyo.

Mtu akipita leo barabara kuu kwenye kituo cha Mikumi, mahali malori ya Zambia yasimamapo, ataona chipsi na soseji na soda kila upande. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 imeifanya Dar es Salaam kuwa safari ya saa chache kutoka Kilosa. Hatuyalaumu maendeleo, sisi wenyewe twaipanda treni hiyo kwa furaha. Lakini twaona nyumba nyingi zenye mahindi ya kwao wenyewe zikiyapeleka kukobolewa, wakala sembe nyeupe, na pumba wakawapa kuku. Makapi yale ndiyo chakula cha vijidudu wema wa tumboni. Dona, mtama, mbaazi, kunde, mlenda, togwa: vitu hivi vyadharauliwa siku ya wageni, navyo ni akiba.

Wengine husema, pengine minyoo ndiyo iliyokuwa ikitukinga. Wazo hilo si la mzaha. Matabibu wa Marekani waliwanywesha wagonjwa mayai ya minyoo ya nguruwe, na mwanzoni, mwaka 2005, matokeo yalionekana mema. Lakini majaribio makubwa ya baadaye hayakuonyesha faida. Kwa hiyo mtoto anayepewa dawa ya minyoo na kichocho shuleni aimeze. Upungufu wa damu unaoletwa na safura twaujua, na madhara ya kichocho katika ini twayajua.

Sasa, ni nani aende kupimwa? Aliyehara kwa zaidi ya majuma manne, au anayetoa damu na kamasi tena baada ya kutibiwa, au anayeamshwa usiku na tumbo, au anayekonda na kupata homa bila sababu. Amiba na kichocho vitafutwe kwanza kwa hadubini. Kifua kikuu pia lazima kitafutwe, maana chaweza kushika matumbo na kufanana mno na Crohn, na dawa zinazotuliza kinga ya mwili zaweza kukipa kifua kikuu nafasi ya kuenea. Kosa hilo laweza kuua. Ndiyo sababu mgonjwa hupelekwa kwenye hospitali kama Muhimbili, au KCMC ya Moshi, ili kipande kidogo cha utando kikatwe na kutazamwa.

Dawa ya kuyaondoa maradhi haya kabisa haijapatikana, lakini ziko za kuyatuliza, na mojawapo ya zile za zamani, sulfasalazini, yatumika tangu miaka ya 1940. Mwanafunzi wetu alipewa hiyo. Alikosa muhula mmoja, akarudi, akamaliza. Leo yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika barua yake ya mwisho alituandikia kwamba mtoto wa darasa lake akiomba ruhusa ya kwenda nje mara ya tatu kwa asubuhi moja, hamkemei. Humwita kando na kumwuliza.